Mwanao amechagua thieta Gredi ya 10? Tupeane uzoefu, hasa wa Lamu na Malindi

MamaLangoni
Asalaam aleikum jamaa. Binti yangu ni wa lile kundi la kwanza lililoingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kaacha sayansi, kaacha sayansi ya jamii, kaenda njia ya Sanaa na Michezo, na humo ndani akachagua thieta na filamu. Ami yake kaja baada ya Isha, hata hajaketi: "Shemeji, mtoto umempeleka shule akasome ngoma?" Nilikosa la kumjibu, nikamtilia kahawa. Mliowahi kupanda jukwaani mkiwa shule, nipeni visa vyenu. Mawaidha nimeyashiba, nataka yaliyowafika wenyewe.

KijanaWaGede
Waaleikum salaam mama. Mimi wa Malindi, zama za 8-4-4, ule mfumo wa elimu wa zamani wa Kenya. Drama ilikuwa klabu tu, haina mtihani, mnafanya mazoezi wenzenu wakicheza mpira. Mwalimu wetu wa Kiswahili akatutungia mchezo wa Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyewapinga wakoloni. Mnakijua kile kisa cha kuku: inasimuliwa kwamba mwaka 1913 alimletea Mwingereza Champion kuku na vifaranga, akamwambia haya, chukua kifaranga kimoja. Mzungu kunyoosha mkono, kuku akamdonoa. Mama akamwambia, nasi ndivyo tutakavyokufanya ukija kuchukua vijana wetu.

Mimi ndiye niliyekuwa Champion. Nimepakwa unga wa ngano usoni, na joto la Malindi mnalijua. Kufika onyesho la pili nimekuwa chapati. Kuku tulimwazima kwa mama mmoja jirani na shule. Katika mazoezi alikuwa mkali kama polisi. Siku ya siku, taa zote zimemwangaza, nikanyoosha mkono... kuku akalala. Nikamsukuma kidogo. Kafumba macho. Ukumbi kimya, mwalimu pembeni kashika kichwa. Yule dada aliyeigiza Mekatilili akainama, akakusanya vidole vyake kama mdomo wa kuku, akanidonoa mkono yeye mwenyewe, mara tatu, huku akitamka maneno yake. Alama hadi leo ninayo. Watu walisimama. Jaji akausifu "ubunifu wa kumfanya mama na kuku kuwa kitu kimoja", nasi tukaitikia kwa vichwa kana kwamba ndivyo tulivyopanga.

Jambo jingine la kumwambia ami. Mekatilili alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, watu wakamfuata, na hapo ndipo serikali ya mkoloni ilipoingiwa na hofu. Sisi tulipotaka kukitia kwenye mchezo, nyanya yangu alinishika sikio: kifudu hakichezwi ovyo. Ikabidi mwalimu aende kwanza kwa wazee. Kwa hivyo akisema "ngoma tu", muulize ipi.

Mwamu_wa_Jahazi
Hahaa, kuku! Sisi tulifika hadi mashindano ya drama ya kitaifa, huko bara. Mchezo wa majonzi, mama anakata roho, mimi namwita ndugu yangu kwa Kiamu changu, lahaja ya Lamu: "Ndoo! Ndoo hapa!", yaani njoo. Sasa aliyeigiza ndugu alikuwa mtoto wa bara, ana muhula mmoja tu Lamu, na jukwaani palikuwa na ndoo ya maji kweli. Akaniletea. Mama anakufa, mimi nimekabidhiwa ndoo. Ukumbi mzima ulilia, lakini kwa kucheka.

Jaji hakutukata sana. Alisema wahusika wa Lamu waacheni waseme Kiamu, bora mtazamaji aonyeshwe maana kwa kitendo. Nilichobaki nacho ni sauti ya tumboni. Mwalimu alikuwa akitupeleka ufuoni, mmoja huku, mwingine kule mbali, tusemezane bila kupiga kelele. Leo napeleka wageni Manda kwa jahazi, kaskazi inavuma, na aliyekaa omo, kule mbele ya chombo, ananisikia.

Bi_Shela
Kwa msichana haikuwa rahisi, tusidanganyane. Baba alikataa kabisa nisiigize na wavulana. Tukakubaliana nifanye masimulizi, peke yangu, mtandio kichwani, na mama afuatane nami. Nilijifunzia wapi? Kwenye vugo, harusini, kwa kina mama wanaogonga pembe na kuchekesha watu hadi alfajiri. Wale ndio walimu wangu. Tulitolewa kaunti, basi. Lakini nilikuwa na haya ya kusoma hata aya moja darasani, na hiyo iliisha.

Baba_Watatu
Mimi nina lalamiko. Wangu naye kachukua thieta na filamu, kapangiwa shule fulani ambayo karatasini ina njia ya sanaa. Kufika, mwalimu wa somo hakuna, kamera hakuna, wanasoma filamu kwa kuchorewa ubaoni. Dada, nenda ukaulize kwa miguu yako. Na umwambie ami hisabati haikuondoka: Kiingereza, Kiswahili, hisabati na huduma kwa jamii ni lazima kwa wote, kisha ndiyo masomo matatu ya kuchagua.

MamaLangoni
Ahsanteni, nimecheka hadi jirani kanigongea ukuta. Nimemsomea ami yote. Ya kuku kayapenda, ya hisabati kanyamaza. Nikamuuliza: na wewe kila Maulidi unayeshika bakora ukaingia uwanjani kucheza kirumbizi, ukazunguka, ukamtishia mwenzio kwa macho, zumari linalia, huigizi? Akasema ile ni mila. Binti kadakia kutoka chumbani: "Ami, basi nionyeshe yale macho." Kamwonyesha. Binti kasema hayatishi, kamwonyesha ya kwake. Tangu saa tatu wako ukumbini wanatoleana macho, na kahawa imekwisha.