Je, Zanzibar iruhusu sindano za kurudisha seli uchangani?

Maalim wa Chake Chake:
Assalaam alaykum. Naona Serikali isiziruhusu zahanati za binafsi kuuza sindano zinazodaiwa kurudisha seli za mwili katika uchanga. Mwaka 2006, Takahashi na Yamanaka wa Japani waliingiza jeni nne (jeni ni maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli), yaani Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc, katika seli za panya, nazo zikaacha kazi zake na kuwa kama za kiinitete. Hata hivyo, c-Myc huchochea saratani, na panya waliowashiwa jeni hizo mwilini mfululizo waliota uvimbe. Binadamu si jongoo bahari, anayeota upya kiungo alichopoteza.

Mfugaji, Unguja Kusini:
Maalim, jongoo bahari umemtaja kwa dharau, na mimi namfuga; ndiye anayenilishia watoto. Akisumbuliwa sana hutoa utumbo wake nje, kisha huota mwingine. Katika aina iliyochunguzwa Puerto Rico, seli za misuli huvunja nyuzi zake za kujikunjia na kurudi uchangani kwanza. Kama Mwenyezi Mungu amempa uwezo huo kiumbe anayelala katika mchanga wetu, kwa nini mgonjwa azuiwe kuutafuta?

Muuguzi wa Mkoani:
Ndugu yangu, kinachopingwa ni biashara. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizima jeni mbili, Rb na ARF, katika seli za misuli ya panya zilizokwisha kukomaa, nazo zikaanza tena kugawanyika. Jeni hizo hizo ndizo zinazotukinga na saratani. Mgonjwa aliyeuza mikarafuu yake ili apate sindano atajuaje kwamba kinga hiyo haikuguswa?

Mfugaji, Unguja Kusini:
Mbona hamtaji utafiti wa mwaka 2016? Panya wenye maradhi ya kuzeeka upesi waliwashiwa jeni zile nne siku mbili, wakapumzishwa tano, wakaishi muda mrefu zaidi bila uvimbe.

Maalim wa Chake Chake:
Ni kweli, lakini panya hao walizaliwa na jeni hizo zikiwa zimekwisha kupandikizwa, zikingoja dawa ya kuziwasha. Wewe na mimi hatukuzaliwa hivyo, na muuza sindano hasemi anaingiza nini wala atakizima vipi.

Mfugaji, Unguja Kusini:
Basi Taasisi ya Sayansi za Bahari imchunguze jongoo wa hapa kwetu, aina kwa aina. Mimi nitatoa wangu bila malipo.