Hivi kuhama kazi ndo kupandishwa mshahara?

mkaa_sana: Wakuu, mi nipo kwa mwajiri mmoja miaka mingi, nyongeza kiduchu tu, jamaa niliyeanza naye kahama mara mbili sasa ananizidi mbali. Kabahatisha au ndo ilivyo?

Bi Hesabu: Sio bahati. Ukikaa unaongezewa asilimia ya mshahara ulionao, na bosi anajua huondoki kwa hiyo haumizi kichwa, ila mgeni analipwa bei ya soko ya leo ndo maana dogo kaajiriwa juzi anakupita. Kwenye intavyuu usikimbilie kutaja mshahara wa sasa, utajifunga, taja unachotaka.

kijiti: Inategemea na msimu pia. Marekani, Federal Reserve ya Atlanta (tawi la benki kuu yao) hufuatilia hili, 2022 wanaohama waliwaacha mbali wanaobaki maana waajiri walikuwa wanagombania watu, baadaye pengo likapungua sana. Na kabla ya kuhama cheki bima na marupurupu ya huko, halafu kipindi cha majaribio wanakutoa kirahisi.

mkaa_sana: Kumbe! Nikipata ofa nikamwonyesha bosi apandishe je?

Bi Hesabu: Mwonyeshe kama kweli uko tayari kuondoka, maana akikujibu "kila la heri" inabidi uende 😂