Mjadala: Roki au elektroniki, nani ataumia zaidi na akili mnemba?

Mleta mada: Wakuu, kila mwaka tunatangaziwa msiba wa roki, na kila mwaka inaonekana ina roho ya paka. Leo nageuza swali: mimi naona mwenye kupaswa kuogopa ni mtu wa elektroniki.

Bendi ya roki inauza jasho. Watu wanne wako jukwaani, uzi wa gitaa ukikatika kila mtu kaona. Prodyuza wa elektroniki yuko peke yake na kompyuta. Programu za akili mnemba za kutunga nyimbo, kama Suno na Udio, zile ambazo makampuni makubwa ya muziki yalizishtaki Juni 2024 kwa madai ya kujifunzia nyimbo zao bila ruhusa, zinamwiga huyo bila shida. Mdundo, besi, kinanda kikielea juu, kazi imekwisha. Nipingeni.

Mchangiaji wa kwanza: Nakupinga, mkuu. Mwaka 2025 "bendi" iitwayo The Velvet Sundown ilipita wasikilizaji milioni moja kwa mwezi Spotify. Haina mtu, na wenye nayo walikuja kukiri kwamba ni kazi ya akili mnemba. Ilikuwa inapiga nini? Roki yenye ladha ya miaka ya 70, magitaa matupu! Jasho liko wapi hapo?

Tena roki ilijifuta jasho yenyewe. Studio nyingi leo mpiga ngoma anavaa spika za masikioni, anafuata mlio wa tik-tik. Akimaliza, fundi anakuza mawimbi ya sauti kwenye skrini, anakata pigo moja moja na kulivuta likae juu ya mstari. Lile pigo alilolichelewesha makusudi kidogo kabla ya kiitikio, linalokufanya utikise kichwa bila kujua, linasahihishwa kama kosa. Ukishanyoosha kila kitu hivyo, mashine itashindwa vipi kukuiga?

Mchangiaji wa pili: Naona elektroniki inaonewa. Mwaka 1981 Roland, kampuni ya vyombo vya muziki, walitoa TB-303, kisanduku cha kumpigia besi mpiga gitaa asiye na mwenzake. Kwa kuiga besi kilikuwa kibovu, hakikuuzika, kufikia 1984 wakaacha kukitengeneza. Vikaishia kwenye maduka ya mitumba. Vijana wa Chicago waliojiita Phuture wakapata kimoja, wakawa wanazungusha swichi zake huku mdundo unaendelea, kikatoa mlio kama mtu anasukutua koo. "Acid Tracks" ikatoka 1987, na acid house, aina ya muziki wa elektroniki wa kudansi, ikapata jina.

Sasa niambieni, programu iliyolishwa rekodi zote za kabla ya hapo ingeutoa wapi mlio ule? Elektroniki inaishi kwa kutumia vyombo vibaya. (Na wanaroki wapunguze maringo: Queen walitamba kwenye majalada ya albamu zao kwamba hawagusi sintesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki, 1980 wakaigusa.)

Mchangiaji wa tatu: Nyie mnagombania sauti, mimi natazama mfuko. Spotify wimbo unahesabika umesikilizwa ukifika sekunde 30. Tangu 2024, usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi hata senti ya mirabaha ya rekodi. Kiduchu kinachopatikana prodyuza anakula peke yake, bendi inagawana watu watano, bado chumba cha mazoezi na gari la vyombo. Ule utangulizi wa gitaa wa dakika nzima nao umeshampoteza msikilizaji. Roki inaumia kwanza, akili mnemba iwepo isiwepo.

Mleta mada: Velvet Sundown imenibana, nakubali. La mfuko bado nabisha, maana bendi ina tiketi za mlangoni. Ila hilo la 303 ndilo linanikosesha usingizi. Kuna yeyote aliyeichukua Suno akaikorofisha mpaka ikatoa mlio usiofanana na kitu chochote? Mwenye nao auweke hapa tuusikilize.