Mjomba anakuja Chongqing Jumamosi: nimpeleke kwenye samaki wa achari au kwenye tambi?

Mnazi Mrefu:
Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa tatu Chongqing, China, niko masomoni. Mjomba wangu wa Tanga yuko Guangzhou kwenye yale maonyesho makubwa ya biashara, na Jumamosi anapanda treni kuja kuniona. Nataka ale chakula cha huku. Nimewaza suancai yu, samaki wa mboga za achari: minofu myembamba, supu chachu, juu pilipili kavu na huajiao, zile punje za kutia ganzi ulimi, halafu inamwagiwa mafuta ya moto mpaka inachachatika. Au tambi zinatosha? Nisaidieni, siku ya pili hii sijalala.

Tumbo Halina Pasi:
Hulali kwa ajili ya samaki? Mpeleke akale xiaomian asubuhi, tambi za pilipili za huko, vile vistuli vya barabarani, bakuli unaliweka kwenye stuli nyingine. Enzi zangu nililipa yuan 8. Ila mwambie habari ya huajiao mapema. Mimi nilitafuna punje nzima, ulimi ukafa ganzi, nikampigia mke wangu Mwanza kumuaga.

Dada wa Wuhan:
Xiaomian kwa mgeni aliyetoka mbali! Mlete Wuhan ale reganmian. Tambi zinachemshwa, zinapakwa mafuta na kupoozwa mapema. Mteja akifika zinatumbukizwa kwenye maji ya moto kidogo, zinavikwa uji mzito wa ufuta. Watu wanakula huku wanatembea kwenda kazini. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza huku, ndicho kitu pekee kilichopita kooni.

Mwalimu wa Kisosora:
Mdogo wangu, mjomba ni Mwislamu?

Mnazi Mrefu:
Ndiyo, wa swala tano. Ila samaki hachinjwi, Mwalimu. Samaki ni halali popote.

Fundi Jiko:
Samaki ni halali, supu je? Nimefanya kazi jikoni Chengdu, nakueleza ninachokijua. Minofu inasuguliwa kwa chumvi, ute wa yai, wanga, na mvinyo wa kupikia ili kukata shombo. Kichwa na mifupa vinakaangwa kwanza, mara nyingi kwa mafuta ya nguruwe, vikitiwa maji na kuchemshwa kwa moto mkali ndiyo supu inakuwa nyeupe kama tui. Hata xiaomian anayokwambia Tumbo, kijiko cha mafuta hayo kinakaa chini ya bakuli kabla tambi hazijaingia. Mgeni haoni kitu.

Mnazi Mrefu:
Hilo nalijua, mkuu. Ila si umesema mwenyewe mgeni haoni kitu? Na mjomba hajui Kichina, hatauliza mtu.

Mwalimu wa Kisosora:
Astaghfirullah. Mtu mzima anakuamini wewe kwa sababu hajui lugha, nawe unamlisha kitimoto kwa siri? Chongqing maduka ya lamian yamejaa. Tafuta kibao chenye maandishi ya qingzhen, yaani halali, wengi ni Wahui, Waislamu wa Kichina wa Qinghai na Gansu, pombe hamna. Supu safi ya ng'ombe, figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili, kotimiri, tambi za njano zinavutwa kwa mkono mbele yako. Unachagua mwenyewe unene, kuanzia uzi mwembamba mpaka pana kama mkanda. Mjomba atafurahi na atalala na amani yake.

Kamba Mbili:
Mwalimu amemaliza. Sasa kwa nini hubadilishi mgahawa? Kuna kitu hutuambii.

Mnazi Mrefu:
Nimeshaahidi watu. Chumba kimetengwa, samaki heiyu wa kilo 2 ameshaagizwa, yuko hai kwenye tangi. Siwezi kurudi nyuma.

Kamba Mbili:
Umeahidi nani?

Mnazi Mrefu:
Haya. Mgahawa ni wa baba yake mchumba wangu. Samaki huyo ndiye anayempatia riziki tangu binti hajazaliwa. Kumwambia mzee tunaenda kula lamian ya jirani ni kumtukana mbele ya majirani zake. Na mjomba nimeshamwambia chakula ni halali. Nilisema kwa nia njema.

Tumbo Halina Pasi:
Kumbe! Mbona hukuanza na hapo? Mahari ni kilo ngapi za samaki?

Mla Ndizi:
Wakuu, hii ni chai. Maonyesho ya Guangzhou ni Aprili kuingia Mei, na Oktoba kuingia Novemba. Sasa hivi ni Januari. Huyo mjomba yuko kwenye maonyesho gani? Mnampa ushauri mtu anayetunga hadithi.

Dada wa Wuhan:
Eh. Kweli. Na mimi nimeshasimulia uzazi wangu hapa.

Fundi Jiko:
Binti anaweza kuwa chai. Supu niliyoieleza si chai.

Mnazi Mrefu:
Si chai. Maonyesho niliyataja vibaya, naomba radhi. Mjomba sikumwita kutembea. Baba yangu ni marehemu, huyu ndiye aliyenilea, na nimemwita aje aseme neno kwa wazazi wa binti. Yeye anadhani anakuja kuona chuo. Yuko Guangzhou kweli, anafuata mzigo wa vitambaa. Niliogopa nikisema posa mtaanza na dini ya binti, na hilo tumeshalizungumza mimi na yeye.

Mwalimu wa Kisosora:
Ungesema mapema nisingekukaripia hivi. Lakini posa inaanzaje kwa uongo mara mbili? Mpigie mjomba usiku huu. Yote mawili, mwambie.

Fundi Jiko:
Na mzee wa samaki naye aambiwe. Mpishi hatukaniki ukimwambia mgeni hali kitu fulani, anatukanika mgeni akiacha bakuli limejaa. Mafuta ya mbegu za rapa yanapika samaki huyo vizuri, tangawizi inakata shombo. Tatizo ni masufuria yake.

Dada wa Wuhan:
Na gudulia la achari! Wengi wanatia baijiu, pombe kali ya Kichina, kidogo kwenye maji ya chumvi. Aliulizie.

Mnazi Mrefu:
Nimempigia mjomba. Alinyamaza muda mrefu, akauliza binti anaitwa nani. Halafu akasema supu ya nguruwe hanywi hata kwa ajili ya harusi yangu.

Binti amezungumza na baba yake. Gudulia lao lina baijiu kweli, kwa hiyo nimenunua mboga za pakiti kwenye duka la Wahui. Mzee anakuja kupika chumbani kwangu, kisu kipya, mafuta nanunua mimi. Tambi za kumalizia supu atavuta jirani yangu wa Gansu.

Sufuria yangu ni ya lita 3, samaki hataenea. Yuko mtu hapa mjini, upande wa Shapingba, mwenye sufuria kubwa ambayo haijawahi kuona nguruwe? Naifuata mwenyewe Ijumaa.

Kamba Mbili:
Ninayo. Njoo na kanzu yako nikupigie pasi.