Naingia studio Jumamosi kurekodi wimbo wa albamu yangu: tupige pamoja au kila mtu kivyake?

Sauti_ya_Kinondoni:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwimbaji wa bendi ya dansi hapa Dar. Miaka yote naimba nyimbo za bendi, sasa naandaa albamu yangu mwenyewe, na kiongozi wetu ameshanibariki. Jumamosi nimelipia studio Sinza, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kwa wimbo mmoja tu.

Shida ni hii. Prodyuza ni kijana wa bongo fleva, na kwa kazi zake yuko vizuri sana. Anataka kila mtu aingize kipande chake peke yake huku anasikiliza kliki, ule mlio wa kuhesabia spidi kwenye hedifoni: kwanza dramu, besi, magitaa, halafu mimi mwisho kabisa. Mpiga gitaa la solo wangu, mzee wa siku nyingi, hataki hata kulisikia hilo. Anasema gitaa la solo na la rizimu yanajibizana, ukizitenganisha umeua wimbo. Na wimbo wenyewe unaanza taratibu, halafu unaingia chemko, ile sehemu ya kuchezesha watu, na spidi inapanda. Chumba cha kurekodia ni kimoja, kidogo.

Nimsikilize nani? Na siku yenyewe niipangeje? Naomba kuwasilisha.

Jirani_Mtata:
Nimekaa paleee nasubiri wataalamu.

BesiNzito:
Dada, msikilize mzee, ila usimdharau kijana. Dramu, besi na rizimu wapige kwa pamoja, na solo awepo. Besi na magitaa yaingie kwa waya moja kwa moja kwenye kadi ya sauti, kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta, bila spika, kila mtu avae hedifoni. Hapo kinachosikika chumbani ni dramu tu, na udogo wa chumba hausumbui sana. Wewe kaa upande wa prodyuza uimbe sauti ya kuwaongoza, ambayo mtaifuta baadaye. Bila hiyo watapotea kwenye kuingia na kutoka kwa kiitikio.

Kuhusu kliki, nani kasema lazima iwe na spidi moja mwanzo hadi mwisho? Prodyuza anaweza kuipandisha palepale chemko linapoanza. Lakini spidi zote mbili zipateni mazoezini, kwa programu ya kliki kwenye simu tu. Mkianza kuzitafuta studio, asubuhi yote imekwisha.

Chipukizi_Mbagala:
Mnajitesa bure. Chukua biti ya kompyuta, ingia bufu (kijichumba cha kuimbia), ndani ya saa mbili umemaliza. Nani siku hizi anasikiliza dramu za kweli?

Sauti_ya_Kinondoni:
@Chipukizi_Mbagala wanaokuja ukumbini wananisikiliza na dramu za kweli, mdogo wangu. Albamu nawafanyia hao kwanza.

Mzee_wa_Kumbi:
Enzi za Radio Tanzania bendi ilipiga yote kwa pamoja na waimbaji wakiwemo. Hakukuwa na kukata na kuunga. Mtu akikosea ubeti wa tatu, mnarudi mwanzo wote. Tarumbeta ilisogezwa mbali na maikrofoni, mwimbaji karibu, na huo ukawa ndio uwiano wa sauti. Vijana wengi wanadhani utamu wa bendi ya zamani kama NUTA Jazz ulitoka kwenye mashine. Aa wapi! Watu walifika wimbo ukiwa umeshaiva. Kwa hiyo sipingi kliki wala hedifoni. Ninachopinga ni mtu kujifunza wimbo huku saa ya studio inahesabu.

FundiMitambo:
Mimi nasimama upande wa mitambo. Kuimba mwisho kabisa, hapana. Ikifika saa kumi na moja jioni umeshaongoza wenzako, umecheka, umebishana, sauti imebaki ya kuombea maji. Bendi ikimaliza msingi mchana, kula kidogo, pumzika, imba zako za ukweli. Solo ya kuongezea, tumba na waitikiaji wafuate baada yako.

Kinywa kiwe kama shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, na kwenye noti za kupasua rudi nyuma kidogo. Bangili na hereni ndefu ziache kwenye mkoba, maikrofoni ya kondensa inasikia kila kitu. Kiyoyozi kizimwe mnaporekodi, kiwashwe mkipumzika. Joto la Dar mnalijua, ila mvumo ukishaingia kwenye sauti kuutoa ni kazi. Ukitaka kujisikia vizuri, vua sikio moja la hedifoni, halafu mwambie fundi azime upande huo, la sivyo kliki itavuja kwenye sehemu za utulivu.

Miksi, yaani kusawazisha sauti zote, isifanyike siku hiyohiyo, masikio yatakuwa yamechoka. Ondoka na kila sauti kwenye faili lake la WAV lisilobanwa, ubora wa biti 24, yote yakianzia sehemu moja. Hata ukihamia kwa fundi mwingine yatapangika.

Sauti_ya_Kinondoni:
Asanteni sana. Kuna jambo sikulisema: kii (kimo cha sauti cha wimbo) tunayotumia ukumbini inanibana juu. Mzee anasema akiishusha, solo yake inapoteza nyuzi za wazi, zile zinazopigwa bila kubanwa na kidole.

BesiNzito:
Mwombe alegeze nyuzi zote kwa nusu toni. Vidole vinabaki palepale na wewe unapata nafuu. Rizimu na sisi wa besi tushuke pia, usitusahau 😂. Amueni kabla ya Jumamosi.

Wakili_Msikivu:
Mmesahau karatasi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatofautisha haki ya mtunzi, ya wapigaji, na ya mwenye rekodi. Wote hao watakuwa chumba kimoja. Ukurasa mmoja unatosha: nani katunga maneno na muziki, wapigaji wanalipwa mara moja au wana asilimia, rekodi ni ya nani. Isainiwe kabla ya noti ya kwanza, prodyuza naye akiwemo. Utunzi kasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Haki unayo hata bila kusajili, lakini ugomvi ukija utahitaji ushahidi.

FundiMitambo:
Swali moja dada. Mpiga dramu amewahi kupiga na kliki?

Sauti_ya_Kinondoni:
Hajawahi hata siku moja.

FundiMitambo:
Basi ule mlio wa ti-ti-ti utamchanganya. Mwambie prodyuza aweke sauti ya kayamba badala yake, kwa spidi zilezile, halafu akutumie kwenye simu mfanyie mazoezi.

Sauti_ya_Kinondoni:
Nampigia sasa hivi. Kesho jioni tuna mazoezi.