Mfalme akigoma kutia saini, sheria inakwama?

Msomakatiba:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Uingereza, muswada ukishapita bungeni lazima upate idhini ya mfalme ndipo uwe sheria. Akikataa je? Na kama hawezi kukataa, idhini hiyo ni ya nini? Hadithi za "alama ya umoja wa taifa" nimeshazisikia, nataka utaratibu wenyewe.

Mzee wa Hansadi:
Kisheria anaweza, kidesturi hathubutu. Mara ya mwisho ni 1708, Malkia Anne alipoukataa muswada wa wanamgambo wa Scotland, na hata hapo alifuata ushauri wa mawaziri wake. Siku hizi muswada wenyewe haupelekwi kwake asaini. Anasaini hati moja yenye orodha ya miswada iliyoiva, kisha idhini inatangazwa katika kila baraza la Bunge. Ikishatangazwa kote kuwili, sheria imezaliwa. Njia hiyo iliwekwa na sheria ya 1967. Maneno ya idhini bado ni Kifaransa cha kale: "Le Roy le veult", mfalme anataka. Ya kukataa yana adabu zake: "Le Roy s'avisera", yaani mfalme atalitafakari.

Ila usichanganye idhini na ridhaa. Muswada ukigusa madaraka ya kifalme au mali zake binafsi, ridhaa yake hutakiwa mapema, ungali bungeni, na serikali ndiyo inayomshauri aitoe au aizuie. Mwaka 1999 muswada wa mbunge Tam Dalyell, uliotaka mashambulizi dhidi ya Iraq yaidhinishwe kwanza na Bunge, ulifia hapo hapo. Anayetafuta kura ya turufu ya mfalme aangalie mlango huu, na atakuta ufunguo uko mfukoni mwa mawaziri.

Kalamu ya Wino:
Nje ya Uingereza kugoma kumetokea kweli. Ubelgiji, 1990: Mfalme Baudouin alimwandikia Waziri Mkuu Martens kwamba dhamiri yake haimruhusu kusaini sheria ya utoaji mimba. Baraza la mawaziri likatumia kifungu cha katiba kinachohusu mfalme asiyeweza kutawala, mawaziri wakasaini wenyewe tarehe 4 Aprili, na kesho yake Bunge likamrudishia madaraka.

Luxembourg hawakutaka kiinimacho hicho. Mtawala wao, Grand Duke Henri, aliposema mwaka 2008 kwamba hataidhinisha sheria ya kumsaidia mgonjwa kufa, walirekebisha katiba Machi 2009: neno "anaidhinisha" likafutwa, likabaki "anatangaza". Malaysia nao wana saa ya ukutani: siku 30 zikipita bila saini, muswada unakuwa sheria wenyewe.

Msomakatiba:
Kumbe! Sasa kazi halisi ya mfalme wa Uingereza iko wapi?

Mzee wa Hansadi:
Uchaguzi unapokosa mshindi wa wazi. Yeye ndiye anayemteua Waziri Mkuu, lakini kazi ya watumishi wake ni kuhakikisha halazimiki kuchagua. Ndiyo maana Waziri Mkuu anayeondoka hatakiwi kujiuzulu haraka. Mwaka 2010 uchaguzi ulikuwa tarehe 6 Mei, Gordon Brown akabaki ofisini hadi tarehe 11, mazungumzo ya vyama yalipoonyesha nani atapata wingi bungeni. Angeondoka tarehe 7, Malkia angebaki na kiti kitupu na majina mawili mkononi.

Kalamu ya Wino:
Sweden walilimaliza hilo tangu 1975: Spika ndiye anayependekeza Waziri Mkuu, Bunge linapiga kura, na mfalme hasaini sheria yoyote.

Na huko Uingereza, ushauri wa mawaziri ukiwa haramu, lawama ni ya aliyeutoa. Mwaka 2019 Malkia alisitisha kikao cha Bunge kwa ushauri wa Waziri Mkuu Boris Johnson. Tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu waliamua kwa kauli moja kwamba ushauri ule ulikuwa kinyume cha sheria, na usitishaji ukahesabiwa kama haukuwahi kutokea.