Mrejesho: Valvu na springi za hedi mbili katika injini moja ya 3L

Ndugu zangu, nilipouliza kama ninaweza kuchanganya valvu, springi na shimu (vibati vidogo vya kurekebisha nafasi juu ya valvu) za hedi mbili zilizokufa, yaani vichwa vya injini, ili kuunda injini moja ya dizeli ya Toyota 3L, mlinishauri nipime kila kipande kabla ya kukifunga, nami nikafanya hivyo. Springi mbili zilikuwa fupi kuliko nyingine kwa zaidi ya milimita 1, na valvu moja ya ekzosi ilikuwa imelika shina hata inacheza ndani ya gaidi (kibomba kinachoongoza shina hilo), jambo ambalo kwa macho nisingeliona; vyote vitatu nimevitupa.

Kilichonichosha ni shimu, maana kila moja ilikuwa imechaguliwa kwa valvu yake ya zamani. Valvu ya ekzosi ya silinda ya tatu ilisoma nafasi (uwazi kati ya shimu na kemu inayosukuma valvu) ya milimita 0.28 injini ikiwa baridi, ilhali inatakiwa 0.40 hadi 0.50, kwa hiyo nikaiondoa shimu yenye unene wa milimita 2.70 na kuweka ya 2.55, nafasi ikawa 0.43. Upande wa kuingiza hewa, unaotaka 0.20 hadi 0.30, ulihitaji kubadilishwa shimu moja tu. Injini iliwaka jana, na mlio wa kugonga niliouogopa haupo.